Pale Hori Inapoishia

Pemba haina mto wa kujivunia. Ina vijito, tena vingi, vinavyoteremka kutoka vilimani hadi kwenye mabonde ya mpunga, vikapotea chini ya migomba, vikaibukia kwenye mikoko. Kazi ambayo kwengineko hufanywa na mito, hapa hufanywa na bahari yenyewe. Upande wa magharibi wa kisiwa, bahari imepenya nchi kavu kwa hori ndefu zilizopindapinda, na maji yake hujaa na kupwa mara mbili usiku na mchana. Ukisimama ukingoni wakati maji yamejaa, huioni bahari kuu. Unaona maji yaliyotulia yakipita baina ya kuta mbili za mikoko, na mtu mmoja kwenye mtumbwi anapiga kafi bila haraka. Aliyekulia Pangani au Rufiji atasema huo ni mto, na sitabishana naye.

Miji ya Pemba imekaa kwenye hori hizi. Chake Chake iko pale hori yake inapoishia. Wete inaitazama yake kutoka mlimani. Na miji iliyokuwapo kabla ya hiyo, ile ambayo leo ni magofu, ilikaa kwenye midomo ya maji hayo hayo, mahali ambapo nahodha aliyetoka mbali angeiona kwanza.

Lakini siku hizi hatuifikii kwa maji. Tunaifikia kwa barabara, na barabara ina namna yake ya kukisimulia kisiwa. Hilo ndilo lililonikaa moyoni katika safari ya kutoka Mkoani hadi Chake Chake, na kutoka hapo hadi Wete: barabara ya Pemba inaonyesha uzuri mwingi na historia kidogo, kwa sababu yenyewe inafuata migongo ya vilima, na historia iko chini, majini.

Uzuri kwanza, maana haustahili kupitwa kimya. Boti kutoka Unguja hufunga gati Mkoani, na mji huo unaanza kupanda mlima hapo hapo bandarini. Mgeni aliyezoea visiwa tambarare hushangaa. Kisiwa kina urefu wa kilomita kama 67 kutoka kaskazini hadi kusini, na barabara haitulii hata mara moja: inapanda, inateremka, inakata kona, inavuka bonde la mpunga, inapanda tena kwenye mikarafuu. Kila inapofika juu, upande wa machweo bahari inachungulia kidogo kisha inajificha. Waarabu wa kale waliokiita Kisiwa cha Kijani hawakutia chumvi. Tena kiko peke yake: mkondo wa bahari unaokitenga na bara ni wa kina kikubwa mno. Unguja iliwahi kuungana na bara zama bahari ilipokuwa chini, ila Pemba imekaa peke yake kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana ina popo wake, wakubwa, wenye manyoya mekundu kama mbweha, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Walikaribia kumalizika kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Leo huko Kidike, baina ya Chake Chake na Wete, wananchi wenyewe wanawalinda, na ukifika mchana unawakuta wamening'inia juu ya miti wakigombana kwa kelele.

Msimu wa karafuu ukiwadia, barabara hubadilika harufu. Majamvi hutandikwa uani na kandokando ya lami, na karafuu mbichi zilizokwisha kuchambuliwa humwagwa juu yake zikianza kubadilika kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia. Wachumaji wako juu ya miti, kina mama na watoto wako chini wanaokota mpeta, karafuu zilizoanguka, na kila nyumba ina mtu mmoja anayelitazama wingu kwa wasiwasi. Mvua moja ya ghafla huharibu kazi ya siku nzima. Hata makonyo, vile vijiti vinavyoshikilia karafuu, hayatupwi. Yanapelekwa kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Mkarafuu uliletwa visiwani na ukaenea katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, zama za Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, na Unguja ndiyo iliyotangulia. Kisha mwaka 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika kwa kiasi kikubwa, ikawa ndiyo shamba la karafuu la ulimwengu. Tokea hapo macho ya watawala na wafanyabiashara yakahamia vilimani, kwenye miti. Hapo zamani karafuu ziliteremshwa kwa punda na kwa vichwa vya watu hadi kwenye hori, zikapakiwa mashuani. Gari zilipokuja, karafuu zikabaki huko huko juu. Nadhani hapo ndipo kisiwa kilipoanza kuyapa maji kisogo.

Chake Chake inalionyesha hilo waziwazi. Ukiingia kwa barabara unapokelewa na soko, msongamano wa gari za abiria, maduka ya vitambaa, vijana wenye pikipiki, sauti ya adhana kutoka misikiti mitatu kwa mpigo. Ni mji wa mlimani, wenye njia nyembamba, uliochangamka asubuhi na kusinzia baada ya adhuhuri. Mtu anaweza kukaa wiki nzima, akanunua, akasali, akatembea, bila kujua kuwa maji yako hatua chache chini yake.

Ngome ya mji ndiyo iliyonizindua. Wako wanaoinasibisha na Wareno na wako wanaoinasibisha na Waarabu. Ilivyo, kilichosalia ni kipande. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ya ngome ilibomolewa kupisha hospitali, na kipande kilichobaki ndimo yalimo makumbusho ya Pemba. Sina kinyongo na hospitali. Mama anayejifungua salama ana haki kuliko ukuta wowote. Lakini nilipokuwa ndani ya kipande hicho nilijiuliza kwa nini ngome ikajengwa pale, si sokoni, si kwenye kilima kirefu zaidi, na jibu lilikuwa dirishani. Ilikuwa inalinda maji. Aliyeijenga hakuwa na hofu na mtu atakayekuja kwa barabara ya Mkoani. Alikuwa anaangalia tanga litakalotokeza kwenye hori. Mazrui wa Mombasa walioitawala Pemba hadi miaka ya 1820, na jeshi la Sayyid Said lililowang'oa, wote walikijua kisiwa hiki kwa kukijia kwa chombo.

Nikateremka. Njia inashuka kwa kasi kutoka mjini, nyumba zinapungua, harufu ya tope inapanda. Maji yalikuwa yamekupwa na hori ilikuwa uwanda wa tope jeusi lililojaa kaa, na mfereji mwembamba katikati ambao hata mtumbwi ungeupita kwa taabu. Bandari hii ilipokea majahazi. Tope limeijaza kwa vizazi, na sasa kazi ya bandari iko Wesha, mbele kidogo kwenye maji marefu. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kivuli akiziba nyufa za mtumbwi kwa pamba na mafuta. Nilimwamkia, nikamuuliza kama vyombo bado vinafika hapa.

"Vinafika, mwanangu," akasema bila kuinua kichwa. "Vinafika kwa bamvua. Maji mafu, ondosha tamaa."

Kisha akanieleza, kwa utaratibu wa mtu aliyelisema jambo hilo mara nyingi kwa wasiolijua, siku zipi za mwezi maji yanafika mpaka wapi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanafika kwenye mizizi ile. Katikati yake, yanaishia kule kwenye kona. Alikuwa na ratiba kamili ya mji kichwani, ratiba ambayo ilitangulia saa zote na gari zote. Nilimwuliza kama vijana wake wanaijua. Akacheka kidogo akasema vijana wanaijua ya gari.

Sikumsikitikia, wala yeye hakutaka kusikitikiwa. Ila maneno yake yalinionyesha kilichopotea tulipohamia barabarani. Barabara iko wazi usiku na mchana, kwa kila mtu, kwa namna ile ile. Hori humtaka mtu aujue mwezi. Mji uliojengwa kwa hori ni mji ambao kila mkaazi wake, hata asiyevua, aliishi akijua leo ni tarehe ngapi ya mwezi, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo iliyoamua kama samaki watakuja, kama mgeni ataondoka, kama boriti za mikoko zitapakiwa. Na kwa watu wanaofunga Ramadhani na kusubiri mwezi kwa ibada, kalenda ya dini na ya kazi ilikuwa moja. Maisha ya namna hiyo hayawezi kuonyeshwa kwenye kabati la makumbusho.

Kutoka Chake Chake, ukipita Wesha na kuendelea na rasi ile ndefu inayoifunga ghuba upande wa kaskazini, unafika Ndagoni, na mbele ya Ndagoni, ncha ya rasi, ndiko kwenye magofu ya Ras Mkumbuu. Lami inakuacha kabla hujafika, nami nililipenda jambo hilo. Unatembea baina ya minazi na mihogo, kisha kuta zinaanza: msikiti mkubwa ulioanguka paa, kibla chake kikiwa bado kinatambulika, makaburi yenye minara, mawe ya nyumba yaliyotawanyika chini ya mibuyu. Majengo haya yanahesabiwa kuwa ya karne ya 14 hivi, lakini makazi ni ya zamani zaidi. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimbua hapa katika miaka ya 1950, na mwenzake Mark Horton akafuatia katika miaka ya 1980.

Hapa ndipo inabidi nimtaje al-Masudi. Mwanajografia huyu wa Baghdad alisafiri baharini kutoka kisiwa alichokiita Qanbalu hadi Oman mwaka 916, na akaandika kwamba kisiwani humo waliishi Waislamu waliosema lugha ya Kizanji. Wataalamu wengi wanaamini Qanbalu ilikuwa Pemba, na wengi wao wanaielekeza Ras Mkumbuu. Karne tatu baadaye Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, alikitaja Kisiwa cha Kijani katika kamusi yake ya nchi na miji, akasema kina miji miwili, kila mmoja na sultani wake, na majina aliyoyaandika wataalamu huyasoma hivi: mmoja ni Mtambwe, mwingine ni Mkumbuu.

Nilikaa juu ya jiwe nikalifikiri hilo kwa muda mrefu. Mtu wa maktaba, aliyefia Aleppo, anaijua Mtambwe. Wakati huo Zanzibar ya majumba ya mawe haikuwapo. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na ambao watalii huvuka dunia kuja kuuona, ni mtoto mdogo mbele ya Ras Mkumbuu. Mara ngapi tumesikia Pemba ikitajwa kama kisiwa cha nyuma, kisiwa cha shamba, mahali ambapo mambo huchelewa kufika? Mambo hayakuchelewa kufika Pemba. Yalifika Pemba kwanza, kwa maji, yakaingia kwa midomo ya hori, na aliyesimama hapa ncha ya rasi karne ya 10 alikuwa katikati ya ulimwengu uliojulikana, si pembeni yake.

Wete nilifika kwa barabara ya zamani, ile yenye kona nyingi, ambayo matawi ya miti hukutana juu yake. Mji wenyewe niliupita kwa haraka, ingawa wenyeji wake ni wakarimu na soko lake la samaki lina pweza wazuri. Nilichokitaka kilikuwa ng'ambo ya maji. Mtambwe Mkuu ni kisiwa kidogo mbele ya Wete, ambacho maji yakikupwa hushikana na nchi na yakijaa hujitenga. Ukifika huoni kitu: vichaka, mashamba, vigae vya vyungu chini ya miguu yako. Mtu asiyeambiwa atarudi akisema amepoteza siku.

Mwaka 1984, katika uchimbuzi ulioongozwa na Horton, hapa palipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu, zikiwamo za Wafatimi waliotawala Misri. Ni mali ya karne ya 11. Mtu aliizika, kwa hofu au kwa tahadhari, na hakurudi kuichukua. Dhahabu ya Misri ndani ya udongo wa Pemba inaeleza vya kutosha jinsi mji huu ulivyofungamana na dunia. Lakini mimi fedha ndiyo iliyonishika zaidi. Sarafu hizo ni ndogo mno, nyepesi kama gamba la samaki, na zina majina ya watawala wa pwani hii hii. Upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimetiwa kina kimoja. Ukizisoma mfululizo zinaimba.

Fikiri mtawala wa kisiwa anayetaka fedha yake iwe na vina. Angeweza kuandika jina na cheo akatosheka, kama walivyofanya wafalme wengi. Yeye akaona kwamba kitu kitakachopita mikononi mwa wavuvi na wauza nguo kila siku kiwe na mlio mzuri mdomoni. Miaka mia nane baadaye, Pemba hiyo hiyo ikatoa Kamange na Sarahani, malenga wawili ambao mashairi yao wazee wa Pemba waliyahifadhi kwa moyo kabla hayajaingia kitabuni. Siwezi kuthibitisha uzi unaowaunganisha na mfua fedha wa Mtambwe, na sitajaribu. Lakini nikiwa pale juu ya vigae nilifurahi, furaha ya kweli, kujua kwamba katika ardhi hii kupenda kina ni jambo la kale kuliko mkarafuu.

Kuna mtawala mwingine ambaye Pemba haijamsahau, na yeye anakumbukwa kwa uchungu. Pujini, upande wa mashariki, kuna magofu ya boma la Mkama Ndume, la karne ya 15 hivi, lenye kuta na mahandaki. Wenyeji wanasimulia kuwa aliwabebesha watu mawe huku wakijiburura kwa makalio, na kwamba kisima chake alikigawa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane. Mtambwe na Mkumbuu hazina simulizi ya ukatili ya kiasi hicho. Huenda ni bahati tu ya kumbukumbu. Hata hivyo sikosi kuona kwamba anayelaaniwa hadi leo ni yule aliyejizungushia ukuta, na miji iliyojifungua kwa maji imeacha fedha na misikiti.

Sasa bahari yenyewe inabadilika. Kisiwa Panza, kusini mwa Mkoani, maji ya chumvi yameingia kwenye mabonde ya mpunga na kuua minazi, na wakulima wamejenga matuta na kupanda mikoko kuizuia. Magofu ya ncha za rasi hayana mtu wa kulima matuta kwa ajili yake. Yalijengwa karibu na maji kwa sababu maji yalikuwa riziki, na ukaribu huo ndio unaoyahatarisha leo.

Barabara za Pemba zinapanuliwa na kutengenezwa, nami nafurahi kwa moyo mmoja. Mgonjwa wa Mkoani anafika Chake Chake mapema, mpunga unafika sokoni, mwanafunzi anarudi nyumbani kabla ya magharibi. Ninachotamani ni kazi ndogo sana ukilinganisha na lami. Njia ya miguu inayopitika hata masika kutoka Ndagoni hadi msikitini Ras Mkumbuu. Mlinzi anayelipwa, mwenyeji wa Ndagoni, anayejua kila kaburi liko wapi. Mtumbwi wa kuwavusha wanafunzi wa skuli za Wete hadi Mtambwe Mkuu angalau mara moja kabla hawajamaliza elimu ya msingi, wakiwa na nakala ya sarafu moja mkononi ili wasome vina vyake kwa sauti. Na wapelekwe siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, ili wafike kwa chombo.